Umekuja kwa Nani?

Mwaka mzima nilikitazama kisiwa cha Ugiriki
kikining'inia msumarini, ghala namba tatu, Mtwara:
kalenda ya kampuni ya bima. Nyumba nyeupe,
milango ya buluu, paka mmoja juu ya ngazi,
na hakuna mtu. Hata nguo kwenye kamba, hakuna.
Mizani inagonga, magunia yanashuka, wapakiaji wanatukanana,
mimi naandika kilo, naandika unyevu, naandika daraja,
nikiinua macho namwona yule paka.
Likizo ilipotoka nikahesabu hela.
Zikafika Kilwa.

Basi la alfajiri. Lindi bado imelala.
Nangurukuru nikanunua ming'oko ya kuchemsha, chumvi kwenye kikaratasi.
Masoko nikapanda boti ya injini pamoja na mabati kumi,
mbuzi, na godoro la bibi harusi ndani ya nailoni.
Maji yalikuwa yametoka. Tukashukia kwenye mikoko,
viatu mkononi, matope yakininyonya vidole
kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.

Songo Mnara.
Kimya kilikuwapo, sikatai.
Kuta za chokaa zisizo na paa,
mbuzi akitoka chumbani mwa tajiri wa kale
kama mpangaji aliyelipa kodi.
Nikasema moyoni: hapa. Nikakaa kivulini mwa ukuta.
Sikumaliza hata pumzi ya kwanza.

"Umekuja kwa nani?"
Kijana mwenye ndoo.
Sikuja kwa mtu, nikasema. Nimekuja kupumzika.
Akaiweka ndoo chini.
"Unaumwa?"
Kisha mama mwenye tandilo la dagaa: umekuja kwa nani?
Kisha fundi, juu ya paa, misumari mdomoni:
"Uyo kaja kwa nani?"
Nikawaeleza habari za kimya. Wakanisikiliza kwa adabu.
"Kimya," akasema yule mama, "kwetu hukaa na mfiwa.
Nani kakufia?"

Wakanipeleka kwa Bi Somoe Nampembe
kama kifurushi kisicho na anwani.
Alikuwa anapasua kuni. Akanishika kidevu,
akanigeuza kwenye mwanga, kushoto, kulia,
jinsi mimi ninavyoigeuza korosho kiganjani
kabla sijaiandikia daraja.
"Huyu mtoto wa Sikujua.
Yule aliyeolewa Mikindani, mwaka wa mafuriko."
Nikafungua kinywa.
Jirani akapiga kigelegele.
Nikakifunga.

Siku tatu nikawa mtoto wa Sikujua.
Nikala sinia moja na watu, nikalala mkeka mmoja
na wasichana wanne wanaocheka usingizini.
Nikachota maji. Nikasuka, nikasukwa.
Nikaonyeshwa mti alikoanguka mama,
jiwe alilolikalia siku aliyosusa uji,
kaburi la bibi, dogo, la matumbawe.
Nikainua mikono niombe dua.
Machozi yakaja, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nani.

Asubuhi ya kuondoka Bi Somoe akanipa pweza mkavu,
kafungwa kwa ukindu.
"Mpelekee. Mwambie minazi yake hatujaigawa.
Mwambie mama yake alimtaja mpaka kope zikashuka.
Mwambie hasira zimeisha. Zilikuwa za nini,
hakuna anayekumbuka."
Nilitaka kumwambia. Wallahi, nilitaka.
Injini ikawaka.

Sasa mizani inagonga, naandika kilo.
Jumamosi nashuka Mikindani, kichochoro kwa kichochoro,
nabisha hodi: hapa yupo Sikujua,
Sikujua wa Songo Mnara?
Wananitazama juu mpaka chini.
Wananiuliza mimi ni nani kwake.

Kalenda nimeishusha.
Pweza ananing'inia pale, msumari uleule,
na ghala zima linanuka bahari.